Visiki tulivyodhani vimekufa: safari yetu ya Kigoma na Gombe

Tangu turudi, kila tukipita Nyamianda tunaulizwa swali moja: «Ni kweli mulitumia pesa ya safari kwenda kutazama sokomutu?» Ndiyo, ni kweli, ingawa waliowaona ni watu 5 tu kati yetu 11. Lakini tulichoendea kilikuwa kingine. Na kwa kuwa sehemu ya pesa ile ilitoka katika mfuko wa koperative, ni haki yenu kusikia yote, hata yale yasiyotupendeza sisi maagronomu.

Tuanze nyumbani. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulishuka na mawe, matope na miti mizima, ukaua watu zaidi ya 40 hapa Uvira na kubomoa maelfu ya nyumba. Hakuna msomaji wa gazeti hili anayehitaji kuelezwa usiku ule. Kilichofuata ndicho wengi wamesahau. Mwaka uliofuata, mradi tuliokuwa tunaufanyia kazi ulileta miche kwenye kilima juu ya mji. Tulilipa kwa kila mche uliopandwa. Watu walipanda haraka, na kwa nini wasiharakishe? Miche mingine iliwekwa ardhini pamoja na mfuko wake wa plastiki. Mwezi wa nane moto ulipita, kisha wakaja mbuzi, na tuliporudi kuhesabu hatukuwa na cha kuhesabu. Ripoti yetu ilisema ni ukame. Leo tunaandika hapa kwamba haikuwa ukame.

Ndiyo maana mwanzoni mwa mwaka 2024, komite ilipopendekeza kufunga mteremko mmoja wa kile kilima kwa miaka 3, bila makala, bila moto, bila mbuzi, mkutano uligawanyika. Mama mmoja anayeishi kwa kuchoma makala alisimama: «Niko na batoto sita kwa masomo. Mukifunga kilima, minervali nitalipa na majani?» Hakuna aliyemjibu. Sisi tulikuwa pale mbele, tumekaa kwenye viti vya wageni, na sisi pia hatukuwa na jibu.

Wazo la Kigoma lilizaliwa siku ile. Kule wako watu wa ziwa hili hili, wenye milima inayoanguka majini kama yetu, wanaokula ndagala na sombe kama sisi, ambao walianza kazi ya namna hii miaka 30 iliyopita. Tuliomba yule mama awe wa kwanza kwenye orodha. Alikataa mara mbili, akakubali mara ya tatu, alipojua kwamba atarudi kabla ya siku ya soko.

Tuliondoka saa kumi na moja asubuhi, tukavuka Kavimvira. Gatumba bado ilikuwa inaonyesha alama za maji ya ziwa yaliyopanda mwezi wa nne na wa tano: kuta zenye mstari wa matope, mashamba yaliyooza. Kisha Bujumbura, Rumonge, Nyanza-Lac, tukapanda Mabanda na kuingia Tanzania kwa Manyovu. Mambo ya mpakani tunayaruka, mnayajua. Tulifika Kigoma usiku, miguu imevimba.

Kigoma ni mji wa bandari kwelikweli. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika pale mwaka 1914, na mpaka leo mizigo mingi inayokuja Kalundu hupitia pale. Tulipotajiwa jina la Liemba, papa mmoja wa kundi letu alinyamaza kwa muda. Ile meli ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916 wakati wa vita, Waingereza wakaiinua. Mwaka 1997 HCR iliitumia kurudisha wakimbizi wetu, safari 22 kati ya Kigoma na Uvira. Papa huyo alikuwa kijana ndani ya mojawapo ya safari zile. «Nilitoka hapa na sufuria moja,» alituambia. Basi, kwa wengine kati yetu Kigoma haikuwa ugeni.

Asubuhi tulishuka Kibirizi, pale boti za abiria zinapotokea. Tulitarajia soko la samaki lenye kelele, tukakuta kimya. Tanzania ilikuwa imefunga uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazae na wadogo wakue. Inatokana na makubaliano ya nchi nne za ziwa: sisi, wao, Burundi na Zambia. Vichanja vya kuanikia dagaa (ndiyo ndagala yetu) vilikuwa vitupu. Wavuvi tuliozungumza nao hawakuwa na furaha hata kidogo. Walikuwa wanashona nyavu, wanalima, wanakopa. Pale Kigoma kuna kituo cha TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, kama sisi tulivyo na CRH yetu hapa Uvira, ambayo watu wengi wa Nyamianda wanapita mbele ya geti lake bila kujua kinafanyika nini ndani. Watafiti wa ziwa hili wamelinganisha sehemu za mawe zenye maji safi na zile zilizofunikwa na udongo ulioporomoka milimani. Palipoingia udongo, aina za samaki ni chache. Mkulima wa kilimani na mvuvi wa pwani wanaliharibu au kulitunza shamba moja. Tutarudi kwenye jambo hilo la kufunga ziwa katika toleo lingine, maana linahitaji nafasi yake.

Gombe haina barabara. Unakwenda kwa boti, karibu saa tatu kwa zile za abiria, ukifuata ukingo kuelekea kaskazini. Na hapo ndipo tulipoanza kuelewa. Kwanza unaona milima mikavu, mashamba ya mihogo yanayopanda mpaka juu, michikichi chini karibu na maji. Halafu ghafla milima inakuwa kijani kizito, mabonde yamejaa miti mpaka ufukoni. Halafu, mbele zaidi, milima inakuwa wazi tena. Hifadhi yote ina kilomita za mraba 35 hivi za nchi kavu, na ni kati ya hifadhi ndogo kabisa za Tanzania. Si kisiwa kwenye ramani, lakini ukiwa kwenye boti unaona ni kisiwa: ziwa upande mmoja, mashamba pande nyingine zote. Sokwe waliomo ndani ni karibu 100 tu, hawana pa kwenda.

Pesa hazikutosha kuwaingiza wote, tukapiga kura. Yule mama wa makala akapata. Wengine walibaki kijijini.

Mengi kuhusu Gombe mmeyasikia redioni, kwa hiyo tutasema kwa kifupi. Mwezi wa saba 1960 alifika pale msichana Mwingereza wa miaka 26, Jane Goodall, ametumwa na Louis Leakey wa Nairobi. Alikuja na mama yake, kwa sababu wakubwa wa kikoloni hawakukubali msichana akae porini peke yake. Mwaka 2024 alitimiza miaka 90. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka ule ule wa 1960 alimwona sokwe mmoja akichomeka bua la nyasi ndani ya kichuguu na kuvua mchwa. Mpaka siku ile vitabu vilifundisha kwamba ni mtu peke yake anayetengeneza chombo cha kazi. Tangu hapo utafiti haujasimama.

Lakini ulikaribia kusimama, na sisi watu wa ng'ambo hii tumo ndani ya hadithi. Mei 1975, usiku, wapiganaji wa PRP ya Laurent-Désiré Kabila walivuka ziwa kutoka upande wa Fizi, wakateka wanafunzi wanne wa kigeni. Baadaye wote waliachiliwa, ila watafiti wa kigeni waliondoka Gombe. Tuliposikia hayo tukiwa tumesimama palepale ufukoni, Wakongomani 5 na vyeti vyetu mkononi, tulitazama chini. Mwenyeji wetu alicheka, akasema hayo ni ya zamani. Kisha akaeleza kilichofuata, na hiki ndicho tulichokuja nacho. Wazungu walipoondoka, kazi iliendelezwa na watu wa vijiji vya jirani, waliokuwa wameajiriwa kama wasaidizi. Watu kama Hilali Matama, ambaye mwanzoni mwa 1974 alikuwa ameshuhudia shambulio la kwanza la ile vita ya sokwe iliyodumu miaka minne, kundi moja likimaliza jirani zake. (Ndiyo, hata wao. Mmoja wetu akauliza kama walikuwa na kamanda.) Watu hao waliamka alfajiri kila siku, wakafuata sokwe milimani, wakaandika kwa Kiswahili kila kitu: nani kala nini, nani kazaa, nani kampiga nani. Dunia nzima inajua mambo ya Gombe kwa sababu watu wa kijiji waliendelea kuandika wakati wenye mradi hawapo.

Sisi tumefanya kazi kwenye miradi kadhaa hapa Uvira. Tukajiuliza, kimya kimya, ni upi kati yake ungeendelea hata wiki mbili kama sisi tungeondoka.

Sokwe tuliwaona, tukiwa mbali nao mita 10, midomo imefunikwa, maana mafua yetu yanawaua. Mwaka 1966 polio iliwapata na kuwalemaza. Walikuwa watatu. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, akavunja tawi, akala majani, akatupa jicho kwetu kama mtu anayetazama wapita njia. Mama wa makala alisema tu: «Huyu naye anatafutia mtoto.»

Sasa tuje kwenye milima iliyo nje ya hifadhi, maana ndiyo inayofanana na yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Goodall alipita juu ya Gombe kwa ndege ndogo, akaona jinsi msitu ulivyobaki kipande kati ya milima mitupu. Mwaka 1994 taasisi yake ilianzisha mradi uitwao TACARE, kwenye vijiji 12. Walianza kama sisi, na pepinyeri za miche. Kilichowasaidia ni kwamba waliajiri watu wa Kigoma wenyewe, wakawatuma vijijini kuuliza: nyinyi mnataka nini? Majibu hayakuwa miti. Yalikuwa mavuno, maji safi, shule, dispensari. Wakaanza na hayo. Miti ikaja nyuma, pamoja na vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa, mbabula zinazokula kuni kidogo, na kahawa kwa vijiji vya juu kama Kalinzi. Leo kazi hiyo iko kwenye vijiji zaidi ya 100. Hatusemi kila kitu kilifaulu. Tulipita mahali ambapo mipaka ya msitu wa kijiji imeliwa na mihogo mipya, na wenyeji hawakutuficha.

Kijiji kinachotajwa sana ni Kigalye, kusini mwa hifadhi. Kule kuna msitu wa kijiji, uliotengwa na kijiji chenyewe, kwenye mteremko uliokuwa karibu mtupu. Picha za satelaiti za 2005 na 2014 zinaonyesha tofauti bila kuhitaji mtaalamu: ya kwanza rangi ya udongo, ya pili kijani. Tuliuliza walipanda miche mingapi. Wakashangaa. Sehemu kubwa haikupandwa. Ilichipuka yenyewe kutoka kwenye visiki.

Hapa tuombe uvumilivu, maana ni kazi yetu. Mti wa asili ukikatwa, mara nyingi mizizi haifi. Kila mwaka hutoa machipukizi, na kila mwaka moto na mbuzi huyamaliza, mpaka sisi tunaona kilima kina nyasi tu na kusema kimekufa. Chini ya nyasi kuna mti wenye mizizi ya miaka 20 au 30, unaosubiri kupumzishwa. Mche wa pepinyeri una mizizi ya urefu wa kiganja. Kiangazi cha kwanza ndicho kinachouua. Kisiki kimeshavuka viangazi vingi. Kazi ni hii: unatafuta visiki hai, unakiwekea kila kimoja alama, unachagua machipukizi 2 au 3 yenye nguvu na yaliyosimama wima, mengine unayakata kwa panga kali bila kuchana ganda. Baada ya miezi michache unarudia. Vijiti ulivyokata unapeleka jikoni, na hicho ndicho kipato cha kwanza. Lakini yote ni bure kama moto utapita. Lazima ulime ukanda mtupu kuzunguka sehemu yako, upana wa mita 5 au zaidi, zaidi upande wa chini kwa sababu moto hupanda mlima haraka. Na lazima iwe kabla ya mwezi wa nane.

Mama wa makala alisikiliza yote hayo, kisha akauliza swali lake lile lile, la minervali, mbele ya wazee wa kijiji. Mzee mmoja alimjibu bila kupamba. Alisema miaka ya kwanza walichukia. Waliokuwa wanachoma makala ndani ya ile sehemu walipoteza, na wengine walihamia milima mingine. Aliyesaidiwa ni yule aliyepata mkopo kwenye kikundi au aliyekuwa na michikichi. «Mkifunga bila kumpa mtu pa kushika,» akasema, «atakuja usiku.» Mama akageuka akatutazama sisi. Tulielewa.

Kuhusu pa kushika, kuna mfano ndani ya nchi yetu, na ni aibu kwamba watu wa Kivu hatuuzungumzii. Kwenye uwanda wa Bateke, mashariki ya Kinshasa, kuna mahali panaitwa Mampu. Kati ya mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 ilipandwa akasia, karibu hekta 8 000, kisha ikagawiwa familia kwa viwanja vya hekta 25. Wanakata sehemu ya akasia, wanachoma makala, wanapanda mihogo na mahindi palepale, na mbegu za akasia zilizobaki ardhini zinaota tena katikati ya mihogo. Akasia inaongeza nitrojeni kwenye udongo. Ardhi yetu si kama ya Bateke, na hatuna hekta 25 za kumpa mtu. Lakini wazo la makala kulimwa kama zao, si kuchimbwa kama dhahabu, linaweza kuingia hata kwenye nusu hekta.

Jambo lingine ni karatasi. Kigalye wana nguvu kwa sababu sheria ya Tanzania inakubali ardhi ya kijiji na msitu wa kijiji. Kwetu, dekre ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kupewa msitu wake, mpaka hekta 50 000, bila kuuza. Wanakoperative walio upande wa Itombwe na Fizi waijue hiyo. Kwa kilima kidogo juu ya mji haitufai; pale tunahitaji makubaliano ya maandishi na wenye ardhi na chefferi, yenye sahihi za wote, ili mwaka ujao asije mtu na paseli.

Tuliporudi mkutano ulidumu kutoka saa nane hadi giza. Hatukupata tulichotaka. Mteremko mzima haukufungwa. Umefungwa upande wa juu tu, karibu nusu, na kwa miaka 2 kwanza. Upande wa chini wachoma makala wanaendelea, kwa sharti la kuacha kisiki kirefu na kutowasha moto wa majani. Koperative itatoa ardhi ndogo kwa akasia, na wa kwanza kugawiwa ni wale waliopoteza sehemu yao juu. Safari hii hakuna atakayelipwa kwa mche. Baadhi ya watu walitoka mkutanoni kwa hasira, na tunawaelewa.

Mama wa makala aliingia kwenye kundi la walinzi. Sababu aliyotoa ni kwamba yeye anajua njia zote za usiku. Ndiye aliyehesabu visiki, siku mbili, na vitambaa vyekundu alivyochana kutoka kwa kikwembe cha zamani: 212. Sisi, kwa macho yetu ya diploma, tulikuwa tumekadiria 60.

Wiki iliyopita moto ulipanda kutoka upande wa bonde. Ukanda wetu uliusimamisha sehemu mbili, sehemu ya tatu ukavuka, pale tulipolima mita 3 badala ya 5 kwa sababu jua lilikuwa kali na watu walichoka. Visiki 31 vimeungua juu. Tulichimba kidogo kando ya vinne. Mizizi bado ina maji. Jumamosi hii tunapanda kupanua ukanda. Tukutane chini ya kilima saa kumi na mbili asubuhi, kila mtu na jembe na panga lake, na chupa ya maji. Uji utakuwepo.